Koko Hakumaliza Maombi

Harufu ya mazutu, mafuta ya lori, ndiyo inanirudishaga kwetu Fizi. Hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi, asubuhi, lori za mahindi zikiwaka kwenda Mbarara, inaniingia puani, na pale pale ninamuona Koko, mama ya baba yangu, mukono juu ya muzigo ya mutu.

Kwetu mutu hakuwa anasafiri hivi hivi. Koko alikuwa anashika muzigo, anafunga macho, anaomba. Na anaanza na Adamu! Anavukisha wana wa Israeli bahari, ndio anafika ku matairi. Siku moja shofere alipiga honi mupaka akachoka.

"Mama, hii gari itaenda bila batu!"

"Nyamaza," Koko akajibu, macho yamefungwa. "Niko naombea roho yako, na breki hauna."

Batu balicheka. Shofere akatoa kofia, akangoja Amina.

Nilikuwa mutoto ile asubuhi vita ilifika. Miguu ya Koko ilikuwa imevimba, lori imejaa. Akasema fasi yake bapewe batoto ya jirani. Nikamunyooshea kifurushi changu cha nguo, ninangoja Adamu. Gari ilikuwa imeanza kutembea. Akakigusa.

"Muende."

Basi. Hata macho hakufunga.

Sikulia. Nilishika kile kifurushi na kujiambia: tumetoka bila maombi, chenye kitakuja kije. Miaka ikapita nikiwa hivyo. Habari ya kifo cha Koko ilinikuta hapa, ninapika maharagi. Niliendelea kukoroga. Kanisani niliimba kila siku ya Mungu, sikuacha, lakini ndani kulikuwa kimya, kama nyumba yenye batu bamehama.

Halafu nikaanza darasa ya jioni ya Kiingereza. Mwalimu wetu, binti wa kutoka Kakoba, kule Mbarara, aliandika ubaoni "goodbye". Akatuambia zamani Waingereza balikuwa banasema yote: Mungu awe pamoja na nyinyi. Balisema mulangoni, balisema njiani, haraka haraka, mupaka maneno yakabanana, ikabakia hii kidogo.

Mama Furaha, mwenzangu wa dawati, akapiga makofi. "Kumbe kila mara tunakata simu, tunaombeana! Na mimi nilikuwa namuambia hivyo mwenye nyumba akinidai kodi!"

Darasa lote likacheka. Mimi niliangalia ile chaki. Sikusikia kitu kingine mupaka tukatoka.

Juzi binti yangu Neema alienda Ruharo kujifunza kazi ya unesi. Mazutu ikanuka. Nikaweka mukono ku sakoshi yake ya nguo. Nilikuwa nimetayarisha maombi tangu alfajiri, na Adamu ndani. Shofere akapiga honi.

"Mama, gari inaenda!" Neema akasema.

"Uende," nikamuambia.

Maombi yote ilikuwa mule ndani ya ile neno, ndugu zangu, sawa na ile ya Koko. Na macho sikufunga. Nilikuwa ninataka kumuona mupaka kwenye kona.