Asali ya Mjomba na Macho Yangu

Bado naisikia kata ikigonga kitako cha mtungi, ko, ko. Maji yameisha, na aliyeyamaliza ni mimi.

Kwetu ni Kanyenye, Tabora mjini. Enzi hizo za Waingereza nilikuwa msichana wa maneno mengi, nadarizi kofia barazani na mama, huku naota siku nitakayokuwa na cherehani yangu mwenyewe. Ndipo ikaja kiu. Nakunywa, nakojoa, nakunywa tena. Baba akanitania, "Binti, una kisima tumboni?" Tukacheka. Lakini nguo zilianza kunipwaya, na kila nilipokojoa sisimizi walijaa.

Mama alipoona nakonda, alinipa asali. Nani kwetu asingefanya hivyo? Mjomba aliileta kutoka misitu ya Urambo, ile nzito yenye harufu ya maua. Asubuhi kijiko, jioni kijiko. "Lamba, mwanangu, asali ni dawa." Nikalamba, nikazidi kunyong'onyea. Halafu macho yakaingia ukungu. Tundu la sindano silioni, nadarizi kidole badala ya kofia!

Hospitalini daktari alichemsha mkojo wangu na dawa ya buluu. Ukageuka rangi ya tofali.

"Kisukari," alisema, akanimulika machoni. "Ukungu huu utaondoka sukari ikishuka. Lakini nyuma ya jicho kuna mishipa ya damu, myembamba kuliko uzi wako. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa hiyo inavuja, inaziba. Mtu hupofuka. Na ya figo na miguu huharibika vilevile."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Na asali, daktari?"

"Asali nayo ni sukari, mama."

"Hata hii ya nyuki?"

"Hata hiyo."

Tulipofika nyumbani mama akaketi mkekani, akalia. "Nimekulisha ugonjwa kwa mkono wangu."

"Ugonjwa hukunipa wewe, mama. Ulinipa kitamu kuliko vyote ulivyonavyo."

Akacheka na machozi yake. "Nawe na mdomo wako!"

Tangu hapo yeye ndiye aliyenichoma sindano ya insulini, dawa ya kushusha sukari aliyotupa daktari, kila siku, kwanza anapuliza paja langu kama la mtoto mchanga. Chupa tuliitunza ndani ya chungu, kwenye mchanga wenye majimaji, isipate joto. Taratibu ukungu ukatoka. Nikauona uzi, nikauona na uso wa mama.

Namshukuru Mungu, na hao wawili, mama na daktari. Wewe mwenye kiu isiyokatika, nenda ukapimwe. Na aliyekupa asali usimlaumu.

Kuna siku mama aliitwa Bukene, dada yake amejifungua. Alisita mlangoni na kikapu chake.

"Nani atakuchoma?"

"Nenda mama, treni haitakusubiri, haina shangazi hapa."

Alipotokomea nilichemsha bomba la sindano, nikavuta dawa, nikafinya ngozi ya paja. "Tulia wewe," nikauambia mkono wangu. Nikapuliza kidogo, nikachoma.