Mzee Shitanda na Pikipiki ya Tatu

Kwa Mzee Shitanda wa mtaa wa Baba Dogo, ugali haukuliwa bila hotuba. Mkewe Everline akishaupindua kwenye sahani, na watoto wao wawili wakishanawa mikono, mzee alikohoa kidogo, akamkazia macho mmoja wao, kisha akauliza, "Unajua hiyo pikipiki ilinigharimu nini?"

Walijua. Wapangaji wa ghorofa ya juu nao walijua, maana mzee alikuwa na sauti ya kiwandani, ile iliyozoea kushindana na mashine. Luseno, kifungua mimba, alikuwa ameisikia hotuba hiyo hata akajifunza kutafuna kwa mwendo wake: tonge kwenye "jasho langu", mboga kwenye "mgongo wangu", na maji ya kunywa pale kwenye "na nyinyi mnaniletea nini?" Dada yake Kageha hakutafuna kwa mwendo wowote. Alikula kimya, akaosha sahani, akalala.

Tusimwonee mzee. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha mabeseni tangu watoto hawajazaliwa, na kiwanda kilipompumzisha alipata kiinua mgongo chake. Wenzake wengine walikinywa. Yeye aliingia dukani akanunua pikipiki mbili mpya, kila moja kwa karibu laki mbili, moja ya Luseno na moja ya Kageha, waingie kwenye kazi ya boda wajitegemee. Angeishia hapo, tungemsifu tukaenda zetu.

Lakini alikodisha hema. Akakodisha viti na spika, akamwita mchungaji aje auwekee usukani mikono. Pikipiki zikafungwa utepe mwekundu, zikasimamishwa juani mzee akihutubia. Alianza na utoto wake Kakamega, na kufikia adhuhuri alikuwa hajatoka darasa la nne. Kageha alipoitwa hatimaye aketi juu ya yake, kiti kilikuwa kimepata moto hata akaruka juu akipiga ukelele. Wageni wakapiga makofi, wakidhani ni furaha.

Tangu siku hiyo pikipiki zile hazikuwahi kuwa za watoto. Luseno akitaka kubadilisha chaneli, anaulizwa kuhusu pikipiki. Kageha akichelewa kurudi, pikipiki. Chumvi ikizidi kwenye omena, na hapo mpishi ni Everline, bado mzee alipata njia ya kufika kwenye pikipiki.

Na kila jioni watoto walimletea fungu lake. Kuna siku lilikuwa la kutosha, kuna siku lilikuwa la kuaibisha.

"Leo siku ilikuwa mbaya, Baba," Luseno alikuwa akisema.

"Mbaya vipi? Watu hawakutembea?"

"Walitembea, Baba. Ndiyo shida yenyewe. Walitembea kwa miguu."

Mzee hakucheka. Huko kiwandani alikuwa na sifa ya kumnusa mvivu kutoka upande wa pili wa ukumbi, na sasa pua yake ilimwambia kwamba watoto wake wanamla. Wanakaa pale steji, kwenye kituo cha bodaboda, kutwa wakipiga gumzo, kisha wanamletea mabaki. Wazo hilo lilimsumbua kama punje iliyokwama jinoni. Mpaka asubuhi moja akaamka na dawa yake: atanunua pikipiki ya tatu, yake mwenyewe, aingie steji ileile, awaonyeshe kazi inafanywaje, halafu jioni aweke fedha mezani mbele yao waone haya.

Fedha zilikuwepo, ila zilikuwa na mwenyewe. Zilikuwa za mabati ya jiko la nyumbani Kakamega, ambako Everline alipikia chini ya paa lililotoboka kila wakienda likizo.

"Na jiko langu?" Everline aliuliza.

"Jiko litangoja kidogo, Mama Luseno. Nikishawafumania hawa, nitakuezekea hata choo cha kuku."

"Kuku hawana choo, Baba Luseno."

"Basi watapata."

Akanunua. Safari hii hakukodisha hema, kwa sababu hakujua kuendesha. Alijifunzia kwenye uwanja wa kanisa, siku za kazi wakati waumini hawapo, huku miguu yote miwili ikiburura vumbi. Faki, mwenye kibanda cha mahamri na mbaazi kando ya steji, alipita pale na ndoo yake ya maziwa akasimama kumtazama.

"Mzee Shitanda," akamwita kwa adabu zote za Kipwani, "hiyo ni pikipiki, au ni punda unamwomba radhi?"

Leseni aliipata. Tusiulize alirudia mtihani mara ngapi.

Siku ya kwanza alijitokeza steji na helmeti mpya, koti la kuakisi mwanga, na viatu vilivyopigwa rangi. Vijana walikuwa wamejipanga mstari, yeyote aliye mbele ndiye mwenye abiria anayefuata. Mzee akaupita mstari wote, akasimamisha pikipiki mbele kabisa, akashuka, akajinyoosha kiuno kama mkaguzi.

Mwenyekiti wa steji, Bedan, kijana mwenye kitambi na sauti ya upole, akamjia. "Niaje, mzee wetu. Karibu sana. Lakini mgeni anaanzia nyuma."

"Mgeni nani?"

"Wewe, mzee."

"Kijana, pikipiki mbili kwenye mstari huu nilinunua mimi!"

"Pikipiki ulinunua, na Mungu akubariki," Bedan akasema. "Steji hujainunua. Hapa ukubwa ni kwa siku ya kuingia. Aliyeingia mwisho anafagia asubuhi, anawachukulia wenzake chai kwa Faki, mpaka aje mwingine. Na ukikosea, unapelekwa kwa ofisa wa nidhamu."

"Ofisa gani?"

Bedan akaelekeza kidevu. Pale nguzoni, akiwa amekunja mikono kifuani, alisimama Kageha.

Miaka miwili sasa binti huyo alikuwa ofisa wa nidhamu wa steji, amechaguliwa kwa kura na vijana ambao wengine hawakuwa wakiwasikiliza hata mama zao. Baba yake hakujua. Kila jioni alimuuliza ameleta nini, na hakuna jioni aliyomuuliza ameshindaje.

"Shikamoo, Baba," Kageha akasema. "Ufagio uko nyuma ya kibanda."

Akafagia. Alifagia akisema kwa sauti kwamba anafanya mazoezi. Kisha akachukua chai, vikombe vinne kwa safari moja, na Faki akamhesabia mahamri huku akiuma midomo asicheke. "Msimamizi, usisahau sukari ya Luseno. Yeye hutia vijiko vitatu."

Halafu akangoja. Jua likapanda, koti likamchemsha. Abiria wake wa kwanza alikuwa mama aliyekwenda Mathare na godoro, akatoa nusu ya nauli waliyopatana kwa sababu, alisema, nusu ya safari hakuona njia. Wa pili alikuwa fundi aliyemtoa mpaka Mukuru kwa Njenga, akamwambia "ngoja hapa nikuletee", akaingia kichochoroni na hajatoka mpaka leo. Adhuhuri mvua ikanyesha, watu wakajibana barazani wakiwatazama bodaboda kama wao ndio walioileta. Jioni tairi la nyuma likala msumari.

Usiku huo Everline akapindua ugali. Mikono ikanawiwa. Hakuna aliyekohoa.

"Baba Luseno," Everline akauliza kwa sauti laini kabisa, "leo umetuletea nini?"

Mzee akatazama mboga. "Leo siku ilikuwa mbaya."

Luseno alikuwa na tonge mdomoni. Alilishikilia hapohapo, mashavu yamefura, machozi yakimlenga, mpaka Kageha akamfinya chini ya meza.

Mtu mwingine angekuwa amekwisha kuelewa, akauza pikipiki, akaezeka jiko. Mzee wetu alielewa jambo moja tu, kwamba ule mstari ndio unaomwonea. Angekuwa mbele angeleta fedha. Ikawa sasa haja si fedha tena. Ilikuwa ni kukaa mezani jioni moja tu, awe ameleta kuwazidi watoto, hotuba yake irudi kinywani.

Siku ya nne akapata bahati yake. Mama Khalayi, mwimbaji mkuu wa kwaya ya kanisani, alitokea akiwa na mizigo miwili mikubwa, safari ya mbali na nauli nono. Aliyekuwa mbele mstarini ni Luseno. Lakini Mama Khalayi, kwa mazoea ya kanisani, akapaza sauti, "Bwana asifiwe, Baba Luseno! Kumbe na wewe uko huku?"

Mzee hakungoja shetani amshauri. Akawasha, akachomoka kutoka nyuma, akakwangua kioo cha mtu, akafika mbele ya mwanawe, akambeba mama na mizigo yake. Luseno alibaki na mkono hewani ameshika helmeti aliyokuwa akimkabidhi abiria.

Aliporudi, pikipiki zote zilikuwa zimezimwa. Hiyo ilikuwa dalili ya kesi. Vijana wamekaa nusu duara, na katikati liko benchi la steji, benchi fupi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali. Kosa la kunyakua abiria lilijulikana adhabu yake: siku tatu benchini, ufunguo kwa mwenyekiti, unatazama wenzako wakipakia. Walishabenchiwa watu wazito kuliko mzee. Bedan mwenyewe alishawahi kubenchiwa akiwa mwenyekiti, akakaa siku zake, akanenepa hapohapo.

Ila leo wote hawakuwa wakimtazama mzee. Walikuwa wakimtazama Kageha, waone kama sheria ina ndugu.

"Mzee, unakubali kosa?" Kageha akauliza.

"Mimi nimeitwa kwa jina langu!"

"Umeitwa Baba Luseno," sauti ikatoka nyuma. "Na Luseno alikuwa mbele. Ungemwachia tu, jina ni lenu nyote!"

Wakacheka. Mzee akaona jasho likimshuka mgongoni, jasho lile alilozoea kulitaja mezani. Akamsogelea bintiye, akadhani ananong'ona, lakini ile sauti ya kiwandani haikujua kunong'ona. Steji nzima, na Faki, na wateja wa Faki, wakasikia:

"Kageha. Unajua hiyo pikipiki ilinigharimu nini?"

Vijana wakageuza nyuso. Hata Luseno, ambaye ndiye aliyeibiwa abiria, aliinamisha uso. Mtu akinyimwa abiria hupata mwingine, lakini dada yake alikuwa amevuliwa cheo mbele ya watu wake.

Kageha akasema polepole, kila neno peke yake, "Najua, Baba. Naijua bei yake kuliko shahada yangu ya ubatizo. Umeniambia nikila, nikioga, nikiumwa. Nikiwa na homa ulikuja kitandani ukaniambia. Kila siku nailipa, na haiishi. Sasa naomba uniambie ya kwako. Ile ya tatu ilimgharimu nani?"

Mzee akapapasa ufunguo mfukoni.

"Siku tatu benchini kwa kunyakua abiria," ofisa akasema, akiwageukia wenzake. "Na siku moja ya nyongeza, kwa kumtisha ofisa akiwa kazini. Mwenyekiti, chukua ufunguo."

Mzee Shitanda akatoa ufunguo. Akaenda akaketi. Akainuka mara moja, akaruka kama bintiye siku ile ya utepe, maana katikati ya benchi palikuwa na kichwa cha msumari kilichochomoza. Na vijana, wakidhani ni hasira, hawakupiga makofi. Akaketi tena, upande.

Jioni, Kageha alimletea baba yake maji ya kunawa, akayamimina taratibu, ameinama kidogo kama alivyolelewa. "Nawa, Baba." Hapakuwa na ofisa nyumbani. Everline akapindua ugali. Mzee, kwa mazoea tu, akakohoa. Wote wakainua macho.

Lakini aliyezungumza ni Everline.

"Baba Luseno, unajua hiyo pikipiki yako ilinigharimu nini?"

Akaanza. Akayataja mabati moja moja, upana na urefu wake. Akasimulia moshi, matone kwenye sufuria ya chai, siku ya matanga ya mama mkwe alipopika ugali ameshikilia mwavuli kwapani wageni wakimtazama. Alikuwa na hotuba nzuri kuliko ya mumewe, na ndefu, maana alikuwa ameitunza. Luseno akajaribu kutafuna kwa mwendo wake, akashindwa. Ilikuwa bado mpya.

Mzee alikula ameinamisha kichwa, ameketi ubavu mmoja. Mwishowe, hotuba ilipopumzika kidogo mama ameze tonge, akamgeukia binti yake.

"Kageha."

"Naam, Baba."

"Ule msumari wa benchini. Siwezi kuja na nyundo kesho niupigilie?"

Kageha akafikiri, akachovya tonge kwenye mchuzi.

"Huo ni wa steji, Baba. Kesho asubuhi ukimaliza kufagia, muulize ofisa."