Uso wa Bibi

Juzi, kwenye benchi la hospitali Kasulu, niliketi karibu na mzee aliyetetemeka mkono, uso mkavu. Nikamkumbuka bibi yangu wa Heru Juu.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, wengine walikwenda kung'oa maharage, tukabaki wawili uani, penye harufu ya muhogo uliovundikwa. Nilimwigizia jogoo wetu, nikawika, nikajiangusha. Uso wake haukusogea. Mkono tu ulitetemeka pajani.

"Bibi, hunipendi?"

"Nacheka, mwana wanje, mwanangu," alisema polepole.

Nikadhani ananidanganya. Nikaenda kucheza nyuma ya nyumba.

Mke wa yule mzee aliniambia kuwa ugonjwa wa ubongo alio nao mumewe hukaza hata misuli ya uso. Kumbe nilimwacha bibi pale, akicheka peke yake.