Odile na matone yasiyokimbizwa

Ni asubuhi, na wodi ya wanaume katika hospitali moja ya Kisangani inanukia uji. Muuguzi Odile anatundika chupa ya albumini, dawa ya rangi ya asali inayotengenezwa kutokana na damu ya watu, kisha anakaza kigurudumu cha mrija hadi matone yadondoke kwa uvivu.

Inamwendea Papa Bavon, mvuvi wa maporomoko, ambaye hadi jana tumbo lilikuwa likimtangulia mlangoni. Ini limechoka. Wamemtoa maji, beseni kwa beseni.

"Maji mengi yakitoka hivyo, presha inaweza kushuka na figo zikagoma," anasema Odile. "Albumini inayashikilia yaliyobaki ndani ya mishipa."

Mama Emilie, mkewe, analinda kitanda. Hapa mgonjwa halazwi bila mtu wake, na mtu huyo ndiye mpishi, mfuaji na, akiachwa peke yake, daktari.

Odile anapogeukia kitanda kingine, Mama Emilie anaona mumewe ananyimwa. Dawa ghali hivi, mbona inatolewa kwa choyo? Anafungua kigurudumu hadi mwisho.

Baadaye Papa Bavon anaanza kukohoa. Pumzi haiji. Odile anafunga mrija, anamkalisha, anamwekea oksijeni na kumwita daktari, anayeagiza sindano ya kukojoza. Mama Emilie analia kimya, ameshikilia miguu ya mumewe.

Odile hamkaripii. Anamshika bega.

"Mama, weye uko bibi ya muvuvi. Maji ikiingia yote mara moja ndani ya mutumbwi?"

"Inazama."

"Bon. Hii dawa inaita maji irudi ndani ya damu. Ukiita mbio, inajaa kwa mapafu."

Adhuhuri pumzi imerudi. Papa Bavon anauliza, kwa sauti nyembamba, ni nani aliyetaka kumzamisha nchi kavu ilhali maporomoko yenyewe yalishindwa. Mkewe anacheka, machozi hayajakauka.

Odile ameuguza zaidi ya miaka ishirini. Sasa anapanga kuketi kila Jumatatu na wanaolinda wagonjwa, awafundishe kuutazama mrija bila kuugusa. "Hao ndio wanabaki na mugonjwa," anasema. "Siye tunapita tu."

Jioni daktari anaruhusu chupa irudi, polepole zaidi. Rolly, mdogo wake Papa Bavon, anaingia, anauliza kama dawa imelala, kisha ananyoosha mkono kwenye kigurudumu.

Mama Emilie anaupiga kofi.

"Iache, shemeji. Iko inatembea na miguu yake."

Kwenye kitanda cha tatu, Odile anainamisha kichwa kuficha kicheko. Jumatatu bado, na tayari ana mwalimu msaidizi.