Kombe Nililolinywesha Gari

Juma lililopita fundi wangu hapa Usagara alifungua kifuniko cha rejeta ya kigari changu, ikatoka ile harufu ya maji ya moto yaliyokaa na kutu. Yeye alikunja pua. Mimi nikasogea karibu zaidi na kuvuta pumzi, na kwa muda nilikuwa na hakika kwamba ndani ya harufu ile mna marashi na zafarani. Hamkuwa na kitu. Fundi alinitazama kwa wasiwasi, nami sikumweleza. Nawaeleza ninyi.

Nilipokuwa na miaka tisa tulikaa Ushongo, ambako Baba alikuwa mpishi wa hoteli ndogo ya ufukweni. Alikuwa na gari dogo la petroli, alilolinunua likiwa limeshazeeka. Injini yake ilikuwa ya silinda tatu, ujazo wa “cc” elfu moja kasoro kidogo, plagi tatu, na oili isiyofika lita tatu. Nazijua sifa hizi kwa sababu Baba alizitaja mbele ya wageni kama mtu anayetaja nasaba ya bi harusi. Wenzake walimtania kwamba lile si gari, ni pikipiki iliyoezekwa bati. Yeye alijibu kwamba silinda tatu zinazotembea ni bora kuliko sita zilizolala gereji, na kwamba lita moja ya petroli ilimfikisha Bweni, penye kivuko cha kwenda Pangani mjini, na bado akabaki na ya kunusa.

Magonjwa ya gari lile nayo niliyajua. Asubuhi za mvua plagi ziliingia maji na injini ikamisi, gari likaenda likichechemea kama mbuzi mwenye mwiba kwatoni. Kabureta iliziba kwa uchafu wa petroli ya madumu. Tangi lilipotoboka lilizibwa kwa sabuni ya mche, na sabuni ile ikakaa miezi. Lakini ugonjwa mkubwa ulikuwa kuchemsha. Rejeta ilivuja chini, tone moja moja. Tena kuna fundi mmoja wa Muheza aliyekwisha kuing'oa themostati, kile kidude kinachoongoza maji ya kupoza injini, akisema nchi ya joto haina haja nayo. Mama alikuwa akimwambia Baba, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," naye Baba akijibu kwamba ataziba Jumamosi. Hakusema Jumamosi ipi. Kwa hiyo kila asubuhi, injini ikiwa baridi, mimi na yeye tulifungua boneti, nikashika jagi, nikaijazia rejeta mpaka maji yaonekane shingoni. Kugusa kile kifuniko injini ikiwa ya moto kulikuwa mwiko.

Mwaka ule, wakati wa likizo, mdogo wangu Athumani alishikwa na homa. Alikuwa na miaka minne. Siku ya kwanza na ya pili Mama alimpoza kwa kitambaa cha maji na kumpa vidonge vya dukani. Siku ya tatu Bibi mzaa mama, aliyekuwa akikaa nasi, alikwenda kwa mwalimu wa madrasa akarudi na kombe. Kwa asiyelijua, mwalimu huandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha maandishi huoshwa kwa maji na marashi, na mgonjwa huyanywa maji yale. Kombe la Athumani lilitiwa kwenye chupa ya lita moja, manjano ya kupendeza, likawekwa juu ya kabati aanze kulinywa kesho yake asubuhi.

Jioni ile Baba alirudi kazini gari likitoa mvuke. Alilipiga boneti kofi, akamwambia Mama, "Nyumba hii ina wagonjwa wawili. Na hili nalo homa yake haishuki."

Nililala na maneno yale. Asubuhi Baba alikuwa chumbani na Athumani, wala hakuniita nje na jagi langu. Nikachukua kiti, nikaifikia chupa, nikatoka nayo. Msinicheke. Nia yangu ilikuwa kugawa, nusu ya gari na nusu ya Athumani. Nilifungua kifuniko, nikasema Bismillahi, nikamimina. Nilifundishwa kutoacha mpaka maji yaonekane shingoni, nami nilikuwa mtoto msikivu. Yalipoonekana, chupa ilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipofanya lililo baya zaidi. Niliijaza chupa maji ya mtungini, nikadondoshea bizari ya manjano kidogo ili rangi irudi, nikaipandisha tena kabatini. Athumani akanyweshwa maji ya bizari kwa dua na heshima zote, huku mimi nikisimama mlangoni.

Adhuhuri homa ikapanda. Macho yake yaligeuka, mikono ikakakamaa, na Bibi akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwake, "Degedege." Baba alikuwa hajaenda kazini. "Pangani, hospitali, sasa hivi," akasema. Mama alikaa mbele na Athumani mapajani. Mimi nikasukumwa nyuma pamoja na Bibi, maana hapakuwa na wa kuniachia.

Njia ya Bweni wakati ule ilikuwa mashimo na mchanga mtupu, kulia minazi, kushoto mkonge. Ndiyo njia ambayo gari letu lilizoea kuchemsha, na kila aliyekuwa ndani yake alilijua hilo. Likichemsha ni kusimama nusu saa ama zaidi kungoja lipoe, na Athumani hakuwa na nusu saa. Mama hakuwa akitazama barabara. Alitazama usoni kwa mwanawe, kisha mshale wa joto, kisha tena usoni kwa mwanawe.

Mshale haukupanda. Tulipita mchanga wa kwanza, tukapita wa pili, nao umetulia pale pale katikati.

"Leo limekubali," Baba akasema.

"Alhamdulillahi," akajibu Mama.

Maneno yale yalinichoma. Gari limepona, nami nilijua limepona kwa dawa ya nani. Kadiri injini ilivyonguruma vizuri, ndivyo nilivyoona nimemnyang'anya mdogo wangu uhai wake nikaupa chuma. Nikafumba macho nikaanza kuomba gari lichemshe. Ee Mola, lirudishie homa yake, na Athumani umrudishie afya yake. Niliomba mvuke utoke. Tukipiga shimo nilifungua jicho moja nikauchungulia mshale, nikaukuta umetulia, nikalia upya. Bibi alidhani namlilia ndugu yangu, akanikumbatia na kuniambia nina huruma. Hilo likanizidishia.

Tukafika Bweni. Kivuko kilikuwa upande wetu, na watu walipomwona Mama walitupisha mbele bila kuulizana. Ng'ambo tulipanda moja kwa moja hadi hospitali. Muuguzi akampokea Athumani kabla hajauliza hata jina, na mlango ukafungwa.

Mimi na Bibi tulikaa barazani. Alikuwa akivuta tasbihi kimya kimya, na ukimya ule ulinishinda.

"Bibi," nikasema, "kombe nimelinywesha gari."

"Umefanyaje?"

Nilimweleza yote mpaka bizari, kisha nikangoja kofi. Bibi aliinamisha kichwa, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, kile kicheko cha kujizuia cha mtu aliye mahali pa wagonjwa, mpaka ikabidi azibe mdomo kwa upindo wa kanga.

"Na hiyo bizari uliipima?" akauliza. Halafu akanivuta ubavuni pake. "Sikiza, mjukuu wangu. Wadhani mwenye kuponya ana chupa moja, ikiisha imeisha? Kwake hakupungui kitu. Ila umedanganya, na hilo utamwambia mama yako kwa kinywa chako, Athumani akishapona. Mficha uchi hazai."

Alisema kupona kwa Athumani kama mtu anayesema kesho kutakucha. Nililala mapajani pake.

Jua lilipoinama daktari alitoka. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani, akasema, lakini imewahiwa. Walimchoma sindano na kumtundikia dripu, na degedege limekoma. "Mngechelewa kidogo, tungekuwa tunazungumza mengine," akamwambia Baba. Tuliporuhusiwa kuingia tulimkuta Athumani kafumbua macho, kakasirika, anadai mkate wa kumimina. Mama alikaa chini kwa ghafla. Baba akaenda kuutafuta mkate, akarudi na sambusa, wala hakuna aliyemuuliza. Mimi nilijiona mwepesi, kama nimetuliwa ndoo ya maji kichwani. Nilikula sambusa nne.

Mama nilimwambia wiki iliyofuata. Alinichapa fimbo mbili kwa sababu ya kudanganya, akasema kwa habari ya gari hajui anichapie nini. Baba hakuambiwa, maana Bibi alisema ana mambo mengi.

Alikuja kulisikia kutoka kwangu miaka mingi baadaye, nilipokwisha kununua gari langu mwenyewe, siku moja tukiwa tumeinamia boneti yake. Nilimsimulia kwa kicheko. Yeye hakucheka. Aliuliza, "Rejeta ilipokea chupa nzima?"

"Nzima, Baba."

Alijifuta mikono. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile hakuongeza maji. Alikuwa amekesha na mtoto, na lilimtoka kabisa akilini. Adhuhuri aliwasha gari bila hata kufungua boneti, na rejeta iliyotoka kuchemsha jana yake ilikuwa imepungukiwa na lita hiyo. Kwa mwendo aliokwenda nao, bila chupa ile lingechemsha kabla ya nusu njia. Asingekubali kusimama, angelilazimisha, na gasketi ya silinda hedi ingeungua. Gari lingekufa katikati ya mkonge, na sote tukiwa ndani.

Sibishani na mtu kama lilikuwa kombe au yalikuwa maji tu. Bibi angesema sioni tofauti kwa sababu haipo. Linalonitia baridi mpaka leo ni ile dua ya kiti cha nyuma. Nilikaa pale nikimpenda mdogo wangu kwa moyo wote, na kwa moyo huo huo nikaomba, tena kwa machozi, jambo lile lile ambalo lingemuua. Watu hushukuru kwa dua zao zilizopokelewa. Mimi ninayo moja iliyokataliwa. Sasa ina ndevu, ina watoto wawili, na kila Ijumaa hunipigia simu kuniuliza kama nimekula.