Mbuzi Aliyeniitia Kipepeo wa Chawia

Kitu cha kunishangaza mimi hakipo. Nilianza kazi nikipakia makaa kwenye gari la moshi, nikafagia studio ya Mhindi miaka minne, na leo studio ile iliyo karibu na stesheni ya Voi ni yangu, kamera ni yangu, na chumba cha giza nimekijenga kwa mikono hii. Darasa la pili ndipo nilipokomea, na wenye madarasa makubwa huja kwangu niwaambie wainue kidevu. Nimewapiga picha maharusi wakilia, askari wakiwa walevi, na maiti aliyekalishwa kitini kwa sababu ndugu zake hawakuwa na picha yake hata moja. Basi Mzungu mmoja mkusanyaji wa vipepeo aliponiambia kwamba huko milima ya Taita kuna kipepeo mweusi mwenye mkanda wa buluu, ambaye watu wamemchoma pini na kumweka sandukuni lakini hakuna aliyempiga picha akiwa hai, nilimjibu, "Nipe wiki moja."

Siku hiyo hiyo nikaandikisha kibao na kukitundika mlangoni: PICHA YA KIPEPEO WA MILIMANI INAPATIKANA HAPA. Jirani yangu Jumaa, fundi cherehani, alikisoma polepole akiwa na sindano mdomoni, kisha akauliza, "Na kipepeo mwenyewe keshapata habari?"

Watu wa barazani kwake walicheka mpaka mteja aliyekuwa akipimwa suruali akakaa chini. Hapo nikajua nikirudi mikono mitupu, Voi hapatakalika.

Jumatatu asubuhi nilipanda lori la mboga lililokuwa likirudi milimani tupu. Nilikaa nyuma juu ya magunia matupu, nimepakata kamera kama mtoto mgonjwa, na miguu mitatu ya kuisimamishia ikinichoma mbavu kila tulipopiga shimo. Mpaka Mwatate ni vumbi na harufu ya mkonge. Juu zaidi lori lilinishusha, nikaendelea kwa miguu kwenda Chawia. Mimi ni mtu wa tambarare. Mlima ule niliupanda nikikaa chini kila mashamba mawili, na akina mama waliobeba kuni walinipita, wakanisalimu, wakafika, wakashuka tena, wakanisalimu mara ya pili.

Saa kumi nilifika kwa Mzee Nyambu, ambaye nilimpiga picha ya kitambulisho chake cha kipande zamani. Ndiye mwangalizi wa msitu ulio juu ya shamba lake. Mkewe, Mama Wakesho, alinipa maji, akanitazama magoti.

"Umetoka Voi kwa ajili ya kipepeo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na huko Voi wameisha?"

Mzee Nyambu hakucheka. Aliniambia msitu ule ni fighi, wa kutunzwa tangu mababu, na kwamba panga haliingii mle, hata kuni kavu haziokotwi. "Sisi ni watu wa kanisa," akaongeza, "lakini maji ya kijito hiki yanatoka mle." Nilimsikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Jumanne na Jumatano nilishinda msituni. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka kwenye soksi. Kipepeo nilimwona, sikatai: mweusi, mkanda wa buluu umempasua katikati, anapita juu kabisa kama karatasi iliyotupwa dirishani, haketi. Nilipiga picha kumi na tisa za majani matupu. Nilikuwa na filamu mbili tu, picha kumi na mbili kila moja. Mgongo uliniuma, na usingizi ulinishika nikiwa nimesimama.

Jumatano mchana Mama Wakesho alikuja na viazi vitamu, akanionyesha mti mmoja. "Huja hapa huyo, anazungukazunguka majani haya. Kaa. Usihangaike."

Nilikaa. Akaja kweli, jike, akatua kwenye tawi la chini. Lakini chini ya mti ule ni kama ndani ya chungu, na filamu inataka mwanga. Studioni mwanga ukikosekana navuta pazia. Hapa pazia lilikuwa tawi. Kipepeo alipoinuka, nilitoa kisu kikubwa nilichokuja nacho mkobani, nikalikata, nikasimama tayari. Mwanga ukaingia vizuri sana. Kipepeo alirudi, akazunguka pale tawi lilipokuwa, mara moja, mara mbili, akaenda zake.

Mzee Nyambu alipofika aliinama, akageuza jani moja la lile tawi. Nyuma yake palikuwa na mayai madogo, kama vichwa vya pini.

"Bwana Picha," akasema taratibu, "umekuja kumpiga mama picha, ukaanza kwa kumbomolea nyumba."

Nililishika lile tawi. Nilisema nitaliondoa. Akakataa. Tawi la fighi hulala lilipoanguka. Aliyelikata hutafuta mbuzi na pombe ya miwa, na mbuzi humpeleka mwenyewe mpaka mahali pale, kwa kamba yake mwenyewe, bila wa kumsaidia.

"Na kama ningeondoka tu?" nikamuuliza Mama Wakesho jioni.

"Ungeondoka," akasema. "Nani angekushika, na magoti hayo? Lakini maji ya kijito, na kosa lako ndani yake, tungeyanywa sisi."

Nilinunua mbuzi.

Alhamisi, karibu saa sita, ndipo nilipompandisha. Mzee alitangulia na kibuyu cha pombe. Mimi nilikuwa na kamba mkono huu na kamera mkono huu, maana kamera siiachi nyumbani kwa mtu. Mbuzi alikuwa beberu mwenye maoni yake. Tulipofika penye kijito, jua likatoka, naye akagoma. Nilivuta, nikasukuma, nikamsihi hata kwa Kikamba cha kwetu. Akatanua miguu, akakojoa kwenye mchanga, muda mrefu, akinitazama usoni. Nikakaa chini. Nilichoka mpaka sikuwa na hasira.

"Usiinuke," Mzee Nyambu akanong'ona.

Kipepeo alikuwa ameshuka, dume safari hii. Alitua kwenye mchanga uliolowa, hatua mbili kutoka gotini kwangu, akanyoosha ulimi wake mwembamba, akanywa. Mabawa aliyafunga, akayafungua, na buluu ile ikawaka. Alikuja wa pili. Nilifungua kamera nikiwa nimekaa vilevile. Picha ya kwanza mbuzi alisogea. Ya pili kipepeo alinipa mgongo, jambo ambalo hata yule maiti hakunifanyia. Ya tatu nilibana pumzi. Kisha nikampeleka mbuzi nilikotakiwa kumpeleka.

Ijumaa nilishuka. Jumamosi nikaosha filamu, na ya tatu ilikuwa safi: mkanda unaonekana, ulimi unaonekana, na pembeni kwato la mbuzi.

Mzungu aliipeleka dirishani, akaisogeza karibu na macho. Akaniambia niandike nyuma yake mahali, saa, na kipepeo alikuwa akifanya nini. Nikaandika kwa mwandiko wangu: Chawia, kijitoni, saa sita na nusu, anakunywa mkojo wa mbuzi. Akataka pia jina la aliyemwona kwanza. Niliandika langu. Nikalitazama. Kisha nikalikata kwa mstari, nikaandika Mama Wakesho wa Chawia, na langu nikaliweka chini yake: mpiga picha.

Jumaa naye alikuja kuikagua. "Hii ni picha ya mbuzi," akasema, lakini aliiangalia mpaka pasi yake ikaunguza kitambaa cha mtu.

Sasa nakala yake imetundikwa chini ya kibao. Nilichojifunza ni kidogo, na magoti yananikumbusha kila ngazi: kuna wateja huwezi kuwaambia wainue kidevu. Wanakuja kwa haja zao, nawe kazi yako ni kukaa chini na kuacha matawi ya watu. Wanaoniuliza kupiga kipepeo ni bei gani nawahesabia lori, filamu, kibao, pombe ya miwa na yule beberu, kisha nawatajia: shilingi arobaini na moja na senti sabini.