Njumu za Kipindi cha Pili

Vita vilipokwisha, Jinja tulikuwa na timu ya raga lakini hatukuwa na viatu vya kututosha. Wachezaji tulikuwa kumi na wanane, njumu jozi kumi na tano. Sheria yetu ilikuwa rahisi: anayetoka anavua, anayeingia anavaa. Mimi nilitumia jozi moja na rafiki yangu wa mtaa wa Mpumudde, hapo hapo Jinja, mtoto wa Mwislamu aliyeuza vitambaa sokoni. Miguu yetu ilikuwa saizi moja. Watu walituita pacha kuanzia kwenye kifundo cha mguu kwenda chini.

Siku moja tulialikwa kucheza Mbale. Kulikuwa na kiwanda cha mafuta ya pamba kilichokuwa kinafufuliwa, na mwenyewe, Mhindi aliyerudi baada ya miaka mingi ugenini, alipenda raga kupita kiasi. Tuliambiwa atamwajiri mmoja wetu atakayemfurahisha. Mmoja tu. Rafiki yangu alikuwa ameoa karibuni na mkewe alikuwa mjamzito. Mimi sikuwa na mtu wa kulisha ila tumbo langu. Zamu yangu ilikuwa kipindi cha kwanza, yake cha pili.

Njiani, kwenye kizuizi, askari alipanda lori letu akaushika mpira.

"Hii nini? Yai?"

"Mpira, afande," rafiki yangu akajibu.

"Mpira gani hii? Imekaliwa na nani?"

"Na huyu hapa, afande. Tangu Jinja." Akaninyooshea mimi kidole.

Askari alicheka hadi akasahau kutupekua. Rafiki yangu alikuwa hivyo. Ukiwa naye, hata kizuizi kilipitika.

Kipindi cha kwanza nilicheza ovyo. Niliangusha mpira mara tatu, na mara moja nilimkaba refa. Wakati wa mapumziko nilimkuta rafiki yangu ameshavua kandambili, amekaa kwenye nyasi ananyoosha vidole.

"Haya bwana, vua."

"Kamba imekaza," nikasema.

Ilikaza kwa sababu niliikaza mwenyewe, fundo juu ya fundo, kabla sijamfikia. Alipiga magoti akahangaika nayo kwa kucha, kisha kwa meno, tope likimjaa mdomoni. Kipenga kikalia.

"Dakika mbili tu, nitakuja uifungue," nikamwambia, nikakimbilia uwanjani. Sikutoka tena hadi mwisho.

Karibu na mwisho skramu yetu, wanane tulioshikana mabega, iliwasukuma watu wa Mbale hadi nyuma ya mstari wao. Wenzangu ndio waliosukuma. Mimi nililala tu juu ya mpira. Ikahesabiwa trai yangu, yaani bao langu. Aliyeshangilia kuliko wote alikuwa mtu mmoja pembeni, miguu mitupu: "Huyo! Huyo pacha wangu!"

Kazi nikapata mimi.

Nilipanga chumba Namatala, hapo Mbale, nikawekwa kwenye mashine ya kukamua. Tabia ile nikahamia nayo. Zamu yangu ikiisha sikutaka kumwachia mwenzangu mashine. Nilitaka msimamizi anione mimi tu. Siku moja, nikiwa nimechoka hadi kope hazifunguki, nilijaza mbegu kupita kiasi, mashine ikakwama, kiwanda kizima kikasimama. Nikapewa ufagio, nikafagia makapi miezi mitatu. Nilifagia nikiwaza ile skramu: watu saba walisukuma, nami nikajidai trai. Waliponirudisha mashineni nilikuwa mtu mwingine. Anayeingia zamu nilimweleza kila kitu, hata sauti ya bolti iliyolegea, kisha nikaondoka. Nilidumu pale hadi kustaafu.

Lakini kumwomba radhi rafiki yangu nilichelewa mno. Nilisikia kwamba alibeba magunia miaka mingi kabla ya kufungua kibanda cha kutengeneza baiskeli. Mwaka jana ndipo niliporudi Jinja, nikapanda boda hadi Mpumudde, zile njumu zikiwa kwenye mfuko. Nilimkuta kibandani mbele ya nyumba yake, mzee mwenye mvi, mikono imejaa grisi. Nikamweleza habari ya fundo.

"Nilijua," akasema. "Kamba haijifungi mara nne yenyewe."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ningesema, vijana wangekupiga. Na njumu zisingevulika; tungecheza kumi na wanne." Akafuta mikono. "Nilikukasirikia sana, bwana. Mtoto alizaliwa sina hata sabuni. Siwezi kukudanganya."

Nikatoa njumu. Alizitazama, akavua kandambili, akanyoosha mguu kama siku ile.

"Nivalishe."

Nilipiga magoti. Mguu wake umevimba kwa uzee; haukuingia. Nilizilegeza kamba tundu moja moja, zile za juu kwa meno, kwa kuwa kucha zangu hazina nguvu tena. Yeye akanisimamia kama refa: "Vuta! Sukuma! Wewe, usiume kiatu changu!" Kikaingia nusu.

Kisha magoti yangu yakagoma kuinuka, naye kwa kiatu kimoja hakuweza kuniinua. Tukabaki hapo tunacheka, hadi mkewe alipotoka ndani na kutukokota wote wawili.

"Shemeji," akaniambia, "ulikuwa wapi siku zote hizi?"